Msivunje Vichwa vya Makombora Kutafuta Shaba

Ndugu zangu mnaookota na kununua vyuma chakavu, hasa mlioko Goma, Sake, Masisi na Rutshuru, mashariki mwa Kongo, nawaomba mnisikilize kabla hamjashika nyundo. Kichwa cha kombora la kupigia vifaru msikiguse. Hata kiwe kimeliwa na kutu, hata mwenzako akuapie kwamba kimeshakufa, kiache pale pale kilipo. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia ndani ya Goma kwenyewe, na silaha ambazo hazikulipuka zilibaki kwenye makazi ya watu. Vijijini zipo za miaka mingi zaidi, zimezikwa na majani.

Kinachowaponza watu ni shaba. Ndani ya kichwa cha kombora la RPG-7 mna shaba safi, nayo mizanini ina bei kuliko chuma. Lakini shaba hiyo ndiyo inayoua kifaru, na ni lazima mjue inavyofanya kazi ili mwelewe kwa nini hakuna ufundi wa kuitoa kwa patasi.

Wengi hudhani kombora hutoboa deraya kwa uzito wake au kwa kasi, kama risasi. Sivyo. Kombora la RPG-7, silaha ya Kisovieti ya mwaka 1961, kasi yake ya juu haifiki hata nusu ya kasi ya risasi inapotoka kwenye mtutu wa AK-47. Nguvu yake imo katika umbo la ndani. Nyuma ya pua kuna uwazi mtupu, kisha bamba la shaba lililokunjwa kama faneli, mdomo wake ukielekea mbele. Nyuma ya faneli hiyo pameshindiliwa baruti kali. Baruti ikilipuka, huibana shaba kutoka pande zote kwa mkupuo mmoja, nayo huchomoka mbele kama mchirizi mwembamba wenye kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde. Kwa mgandamizo wa namna hiyo chuma cha deraya husukumwa kando kana kwamba ni kimiminika na kuachia njia. Kichwa cha kawaida, chenye kipenyo cha milimita 85, hutoboa deraya ya chuma yenye unene unaozidi milimita 250. Tundu lenyewe ni dogo, lakini kinachopitia humo, shaba ya moto na vipande vya chuma cha kifaru chenyewe, huwakuta askari, mafuta na risasi vilivyomo ndani.

Sasa mfikirie kijana aliyekibana kichwa hicho kati ya miguu yake na kuanza kugonga.

Nimesikia watu wakijipa moyo kwamba kitu cha siku nyingi kimeisha nguvu. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Puani mwa kombora hili kuna fuwele ambayo ikibanwa ghafla huzalisha umeme wa kuwasha fataki. Haitegemei betri, basi hakuna cha kuisha chaji. Baruti yenyewe hukaa miongo mingi bila kupoteza ukali wake. Na lile lililokwisha kurushwa likaanguka bila kulipuka ni baya kuliko lililo bado kwenye sanduku, kwa sababu kinga zake za usalama zimeshafunguka likiwa angani. Lilipaswa kugonga shabaha na kulipuka, au kujilipua lenyewe baada ya sekunde chache. Yote mawili yameshindikana, na hakuna anayeweza kulitazama kwa nje akajua limekwama hatua gani.

Wala msiseme hayo ni ya kwenye vita tu. Archers Post na Dol Dol nchini Kenya hapakuwa na vita. Palikuwa na viwanja vya mazoezi ya jeshi la Uingereza, na mabaki yaliyoachwa malishoni yaliwaua na kuwalemaza Wamaasai na Wasamburu, wakiwamo watoto waliokuwa wakichunga. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kuwalipa watu zaidi ya 200 jumla ya pauni milioni 4.5. Dar es Salaam nako, maghala ya jeshi yalipolipuka Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, mabomu yaliruka hadi kwenye makazi ya watu.

Ukikuta kitu kilichonenepa katikati na kuchongoka mbele, rangi ya kijani iliyofifia au kutu tupu, pengine kikiwa na mkia wa bomba jembamba, simama. Rudi kwa njia ile ile uliyojia, ukikanyaga ulipokanyaga. Weka alama mbali nacho, wafukuze watoto, na simu upige ukishafika mbali: mwambie mwenyekiti wa mtaa au chifu, polisi, au watu wa UNMAS, kitengo cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulikia mabomu.

Nanyi wenye mizani, mkiletewa kitu hicho msimwambie aliyekileta akirudishe alikokitoa. Msikirushe kando, msikimwagie maji, msikifukie. Kikishawekwa chini kibaki hapo hapo. Zimeni mashine za kukatia, tokeni wote, na majirani watoke pia, mkae mbali hadi wataalamu wa mabomu wafike. Mzigo wa siku hiyo uacheni hapo hapo.