Mzazi, Kaa Mpaka Saa ya Chakula

Wazazi wenzangu mliojaliwa mtoto mwenye mahitaji maalumu, kila Januari ikikaribia na shule kufunguliwa, najua mnavyokosa usingizi. Majirani wanashauri bweni: "Mpeleke huko nawe upumzike." Sikatai kwamba zipo familia zisizo na njia nyingine, hasa vijijini. Lakini wewe uliye Dar es Salaam na unaweza kuifikia shule ya kutwa, nakusihi uitazame hiyo kwanza. Mtoto asiyeweza kusema hawezi kusimulia yaliyompata usiku. Akirudi jioni utamwogesha kwa mikono yako, utauona mwili wake, na utajua mchana wake ulikuwaje.

Usiridhike na kibao cha "mahitaji maalumu" getini. Jina hilo limebeba watoto wasiofanana hata kidogo. Mtoto kiziwi anahitaji wenzake na walimu wanaozungumza lugha ya alama, kama walioko shule ya Buguruni Viziwi, kwa maana lugha haikui kwa mtu mmoja. Mwenye usonji huenda kelele za darasa zikamtesa kuliko somo lenyewe. Basi apimwe kwanza hospitalini, kisha mwone afisa elimu wa halmashauri anayeshughulikia elimu maalumu, akueleze shule na vitengo vilivyopo karibu nawe. Wala usiingie ofisi hiyo kama mwomba sadaka. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtambua mwanao kuwa na haki ya kusoma.

Mimi na wifi yangu tulizunguka shule kadhaa kumtafutia mwanawe nafasi. Kwenye moja tulikalishwa ofisini saa nzima, tukaonyeshwa kompyuta na picha za mahafali. Tulipoomba kuona darasa tukaambiwa watoto wanapumzika. Ilikuwa saa nne asubuhi! Wifi alinitazama, tukaaga.

Shule ya pili rangi ilikuwa imebanduka ukutani. Mwalimu alikuwa ameketi mkekani nyuma ya kijana mmoja, anamfundisha kufunga shati. Kila kifungo alikipenyeza mwenyewe mpaka nusu ya tundu, kisha akaondoa mkono na kungoja. Mtoto alihangaika, akatazama dari, akarudi, akakivuta kikatoka. Mwalimu akaanza kingine. Baadaye alitueleza sababu: ukimwachia mtoto hatua ya mwisho, kila jaribio linaishia kwenye kufaulu, naye hatachoka kujaribu; akiimudu hiyo, unamwachia na iliyotangulia. Huyo alikuwa amesomea kazi yake. Basi uliza bila haya: walimu wangapi wamesomea elimu maalumu, chuo cha Patandi au kwingineko? Mwanangu atafundishwa kufanya nini muhula huu, na nani ataandika maendeleo yake?

Tulikaa mpaka saa ya chakula. Ndiyo saa ya kuikagua shule. Tazama kama mtoto anayekula polepole anasubiriwa au sahani inaondolewa. Tazama anayejichafua anabadilishwa na nani, na kwa uso gani. Ingia chooni: je, kiti cha magurudumu kinapita mlangoni? Maji yapo?

Umbali nao usiupuuze. Nimewaona akina mama wamebeba mgongoni watoto wa miaka tisa wenye mtindio wa ubongo, wakigombania daladala alfajiri. Wazazi wa mtaa mmoja wakichangia bajaji moja ya kukodi kwa mwezi, mzigo huo unapungua sana. Tafutaneni.

Wifi alichagua ile ya rangi iliyobanduka. Kila jioni alikaa nyuma ya mwanawe kitandani, kama alivyomwona mwalimu, akapenyeza kifungo nusu na kungoja. Ilipofika likizo ya Juni, kijana alikuwa akifunga vitatu vya chini peke yake. Cha kola bado kinamsumbua, na mama yake anamngojea.