Tujue kosa la mbegu kabla ya kumlaumu mkulima



Koliflawa, shufleri ya hapa kwetu, ikifika soko la Kadutu na kichwa chenye chembechembe kama mchele, ao majani yakitokeza katikati ya kichwa, mnunuzi anashusha bei. Lawama zinamwangukia mkulima: hakumwagilia, hakuweka mbolea. Sisi waagronomu tunaona lawama hizo mara nyingi si za haki.

Kasoro haziko na sababu moja. Kichwa kidogo kama kifungo kinatoka mara nyingi kwa miche iliyokawia kitaluni ao iliyokosa azoti. Shina lenye shimo pamoja na kichwa chenye madoa ya kahawia vinaweza kuonyesha upungufu wa boroni. Hayo mkulima anaweza kurekebisha. Lakini mchele na majani ndani ya kichwa vinafuata zaidi joto na baridi, na kila aina ya mbegu iko na uvumilivu wake. Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kwenye joto la kadiri mwaka mzima. Mbegu iliyochaguliwa kwa nchi zenye majira ya baridi inaweza kushindwa Kasha hata mikononi mwa mkulima hodari.

Hapo homoni za mimea zinasaidia. Jiberelini, ambayo mmea wenyewe unaitengeneza, inarefusha shina na kuusukuma mmea kuelekea maua. Katika jamii ya kabichi inaweza kuchukua kwa sehemu nafasi ya baridi. Mtafiti anapuliza kipimo kidogo kwenye mistari michache ya kila aina, mistari mingine anaipuliza maji matupu, kisha analinganisha vichwa. Aina dhaifu inaweza kujionyesha mbele koperative haijatoa feza.

Je, tupulize dawa hiyo shambani ili vichwa vinenepe? Hapana! Ni ya majaribio tu. Kwa mavuno inaweza kuleta kasoro ile ile tunayoikimbia.

Basi tuwaombe watafiti na wauza mbegu wajaribu aina zao hapa hapa. Nasi kila koperative itenge kipande kidogo, ipande aina tatu, iandike tarehe ya kupanda, siku za joto na hesabu ya vichwa vibovu. Bila daftari hilo, msimu ujao tutanunua tena kopo lenye picha nzuri, na hasara itabaki kwa mama aliyelima.