Shubiri pekee haitaokoa kuku wa Laini Saba

Kwa familia nyingi zinazofuga kuku Laini Saba, mtaani Kibera, ndege hao si kitoweo tu. Ni akiba inayouzwa karo inapodaiwa au mtoto anapougua. Ndiyo maana maradhi yanapozuka, mfugaji hukimbilia tiba nafuu iliyo karibu: utomvu wa shubiri, majani ya mwarobaini au kitunguu saumu.

Si haki kuzibeza dawa hizi. Mwarobaini una kemikali inayodhuru wadudu, na majaribio yameonyesha kwamba unaweza kupunguza utitiri. Artemisia, mmea uliotupatia dawa ya malaria, nayo imepunguza makali ya koksidiosi katika baadhi ya majaribio. Hilo si ajabu, kwani vimelea vya maradhi hayo mawili ni vya ukoo mmoja.

Tatizo la kwanza ni kipimo. Nguvu ya mmea hutegemea umri wake, udongo ulikoota na jinsi ulivyotayarishwa. Konzi moja ya majani huenda isifae kitu. Nyingine ikadhuru vifaranga.

Tatizo la pili, ambalo ni hatari zaidi, ni kuchanganya maradhi. Koksidiosi, inayowaharisha kuku damu, huenezwa na vimelea vinavyokomaa kwa siku moja au mbili kwenye matandazo yenye unyevu. Newcastle, kwa upande mwingine, husababishwa na virusi, na haina tiba yoyote, iwe ya dukani au ya msituni. Kinga yake ni chanjo, ambayo taasisi ya serikali ya KEVEVAPI hutengeneza humu nchini. Anayesubiri shubiri iponye Newcastle atasubiri hadi banda libaki tupu.

Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti huduma za mifugo. Hivyo basi, Kaunti ya Nairobi haina budi kuwafikishia wafugaji wa mitaa ya mabanda chanjo na ushauri. Nao watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, waipime mimea hii na kutangaza viwango vyake.

Kwa sasa, majirani wanaweza kuchangia chupa moja ya chanjo, ambayo huwatosha kuku wengi, na kuhakikisha banda ni kavu. Mitishamba iwe nyongeza ya kinga hiyo, wala si badala yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.