Rangi isiimeze penseli

Somo hili la kuchora picha za kutisha ni zuri, ila pale mwandishi anaposema picha ya kutisha haikamiliki bila wekundu wa damu, hapo ameteleza. Michoro ya Stephen Gammell kwenye kurasa za ndani za kitabu cha watoto Scary Stories to Tell in the Dark (1981) haina tone la rangi: ni weusi, weupe na ukungu wa kijivu unaoning'inia kama mizizi, nayo iliwanyima usingizi watoto wengi wa Marekani. Katika miaka ya 2010 kitabu kilitolewa upya kwa michoro ya Brett Helquist, iliyo nadhifu zaidi. Wasomaji wakalalamika, na baadaye ile ya Gammell ikarudishwa.

Na kwa msomaji aliyeuliza kwa nini penseli yake "inapotea" anapopaka rangi kwenye kompyuta, kosa ni mpangilio wa matabaka (layers). Mpwa wangu alichora jini, akapaka rangi juu ya mistari, jini likawa laini kama katuni ya tangazo la maziwa! Safari ya pili aliskani mchoro kwa nukta 600 kwa inchi badala ya kuupiga picha kwa simu (penseli ya 6B hung'aa, vivuli vikaharibika), akauweka tabaka la juu katika modi ya kuzidisha (Multiply): weupe wa karatasi hutoweka, mistari hubaki. Rangi zikakaa chini yake, kijani kilichofifia na kahawia, wekundu machoni tu. Programu ya kuchorea ya Krita ni ya bure, jamani, msisingizie gharama.