Bei ya Picha za Angani Isiwe ya Kutupa

Kwa vijana wetu wanaorusha droni, na kwa wanaowapa kazi, nina neno.

Harusi nyingi za Nairobi leo hazikamiliki bila picha za kutoka juu. Wauzaji wa viwanja Kitengela wanazitaka. Mkenya aliyeko Marekani au Doha akijenga nyumba kwao hataki tena kusimuliwa na shemeji. Anataka kuliona paa kwa macho yake. Kazi ipo, lakini mrushaji mara nyingi hurudi nyumbani mikono mitupu.

Dalali wa mtandaoni hutangaza kazi kwa bei aliyokwisha kuipanga mwenyewe: picha kadhaa na video fupi, shilingi 3,000, atakayewahi ndiye. Kijana hukubali upesi, akisema droni itakaa angani dakika 20 tu. Hapo ndipo hesabu inapopotoka. Tuseme droni na betri zake ziligharimu shilingi 150,000, na zitafanya kazi 100 kabla ya kuchakaa. Kila kazi imekwisha kula 1,500. Nauli ya kwenda na kurudi 800, bando la kutuma video nzito 500. Zimebaki 200, nazo ndizo ujira wa kungoja upepo utulie, kupiga picha, kisha kukesha akihariri. Na bado hatujazitaja betri zinazovimba, wala leseni.

Leseni si jambo dogo. Kwa kanuni za mwaka 2020, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, KCAA, inataka droni isajiliwe, na anayeirusha kibiashara awe na leseni, kibali na bima ya kufidia watu wengine. Anayetii analipa kabla hajapiga hata picha moja. Asiyetii hana gharama hizo, ndiyo maana anaweza kutaja bei ya kutupa. Mteja anayemkimbilia na ajue: droni ikimwangukia mgeni katikati ya harusi, hakuna bima ya kumtibu, na wa kwanza kulaumiwa atakuwa mwenye sherehe.

Wapo watakaosema afadhali 3,000 kuliko kukaa bure. Nawaelewa, maana kodi ya nyumba haingoji. Lakini anayeikubali bei hiyo hajiumizi peke yake. Amempa dalali kipimo cha kumpimia mwenzake kesho. Na droni yake ikifa, hatakuwa na akiba ya kununua nyingine, naye dalali atamtafuta kijana mwingine mwenye droni mpya.

Kwa hiyo, ndugu zangu, acheni kuuza dakika, uzeni kazi nzima. Andikeni bei ya safari, ya kurusha, ya kuhariri, na ya matumizi pia, kwa sababu picha ya kumbukumbu ya familia haiwezi kulingana na tangazo la kuuzia viwanja vya mamilioni. Pokeeni arbuni kabla ya kutoka nyumbani. Kutaneni mwelezane gharama zenu bila kufichana, na mgeni katika kazi hii afundishwe kupiga hesabu hiyo kabla hajajibu simu ya dalali.

Nanyi wateja, kabla ya kuuliza bei, ombeni kuona leseni na bima. Atakayewaonyesha, mlipeni anachostahili, na mlipeni siku ile ile.