Jumba la Michezo ni la Nani?

Jumba la Michezo la Taifa hapa Kampala lilifunguliwa mwaka 1959, Waingereza wakiwa bado wanatawala. Siku hizo michezo mingi iliyochezwa humo ilikuwa ya Kiingereza. Mwananchi asiyeijua lugha hiyo alilijua jumba kwa kuta zake tu.

Mwaka 1965 walimu na wanafunzi wa Makerere walianzisha kikundi cha michezo cha kusafiri. Hawakuwangoja watazamaji mjini, bali waliwafuata vijijini. Wakacheza kwa Kiingereza, Kiswahili, Kiganda na lugha nyinginezo, wala hawakutoza kiingilio. Hivyo waliviondoa kwa pamoja vizuizi vitatu: umbali, lugha na fedha.

Vizuizi hivyo havijatoweka. Mama auzaye ndizi sokoni Nakasero hayuko mbali na jumba hilo. Lakini akiisha kulipa karo na kununua unga, tiketi ataipata wapi? Na kijana asiyeweza kutembea, ngazi atazipandaje?

Wasimamizi wa majumba ya michezo yafaa watenge siku za kiingilio nafuu, wazipe nafasi lugha zetu zote, na wamwandalie mlemavu njia ya kuingilia. Nasi wazazi tuwapeleke watoto, wajifunze kucheka na kuhuzunika pamoja na jirani wa kabila jingine.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Lakini atatunzwa na nani, ikiwa watu wa kwao wamebaki nje?