UTAALAMU USIISHIE KWENYE SEMINA

Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Tunduma ikiwa na watu zaidi ya 97,000. Miaka kumi baadaye, Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya 219,000. Mji huo wa mpakani umekua kwa kasi kubwa, na mvua haingoji mitaro ichimbwe. Katika mkoa huo huo wa Songwe, huko Iyula wilayani Mbozi, mkulima wa kahawa naye ana shaka yake. Mibuni huchanua kwa mvua za kwanza. Zikikatika ghafla, maua hupukutika na jasho la mwaka mzima hupotea. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia takwimu za kahawa ya arabika ya Tanzania, ulionyesha kwamba kila joto la usiku linapopanda kwa nyuzi moja ya Selsiasi, mavuno hupungua kiasi cha kilo 137 kwa hekta.

Mkazi wa Tunduma na mkulima wa Iyula, kila mmoja anapotafuta jibu, hufika kwenye mlango wa halmashauri yake. Je, humo ndani yumo mtu anayeweza kujibu?

Sheria haina upungufu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka kila halmashauri iwe na afisa wa mazingira. Lakini cheo si utaalamu. Ofisa anayeshinda akishughulikia taka za sokoni, kisha akaagizwa kuandika taarifa ya tabianchi kwa siku mbili, ataiandika. Atanakili ya mwaka jana na kubadili tarehe. Wakubwa wataipokea, wataigonga mhuri, nayo itakwenda kabatini.

Nchi hii imekwisha kuonja gharama ya miji isiyokuwa na wataalamu wake. Chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, ulioanza mwaka 1972, halmashauri za miji zilivunjwa. Huduma za maji, usafi na barabara zikazorota, kipindupindu kikazuka, na mwaka 1978 ikabidi halmashauri hizo zirudishwe. Zilirudishwa kwa sheria, lakini mafundi na makarani waliokwisha kutawanyika hawakurudishwa kwa sheria.

Hapana budi, basi, kusema wazi kuhusu semina. Ofisa anapelekwa hotelini siku tatu, anaonyeshwa picha za mafuriko ya nchi za wengine, anapokea posho na cheti, kisha anarudi kwenye meza isiyokuwa hata na daftari la mvua za mji wake. Huo si ujuzi. Ujuzi ni kukokotoa upana wa mtaro kwa mvua iliyopimwa, kuusoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na kumweleza mkulima maana yake, na kuandika andiko la fedha ambalo Hazina haitalirudisha. Mambo hayo hufunzwa kazini, mwaka baada ya mwaka, chini ya mtu anayeyajua. Chuo cha Serikali za Mitaa kipo Hombolo, Chuo Kikuu Ardhi kipo Dar es Salaam, na kituo cha utafiti wa kahawa kipo Mbimba, humo humo Mbozi. Ni ajabu wataalamu wa Mbimba na watendaji wa kata wasipokaa meza moja mpaka mgeni kutoka ng'ambo awaalike.

Longido, Monduli na Ngorongoro zilipojaribu, katika miaka ya 2010, utaratibu wa fedha za tabianchi kupitia halmashauri, kamati za wananchi ndizo zilizochagua miradi, na maji yakapewa uzito mkubwa. Wafugaji waliyajua malisho na misimu yao. Halmashauri ilitakiwa kuleta hesabu na michoro. Pande zote mbili zilijifunza kwa kufanya.

Walimu nao wasijitenge. Kipimo cha mvua kikisimikwa katika uwanja wa shule ya msingi, wanafunzi wakakisoma kila asubuhi na mwalimu akatia sahihi, baada ya miaka mitano Iyula itakuwa na kumbukumbu yake yenyewe. Lakini daftari hilo lazima liwe na mpokeaji. Bwana shamba wa kata alitumie, mhandisi wa halmashauri alidai, na Mkurugenzi aulize liko wapi kabla hajatia sahihi makisio ya mwezi Julai.